Kuku Ameshaliwa, Barua Hairudi

Mlimwacha mlangoni, wasomaji wangu, na mlangoni bado yupo.

Nurudini, muuza spea za baiskeli wa Kibondo, kashika fremu ya mlango wa Mzee Hilali, Kasulu mjini, nguo zimelowa tope mpaka magotini. Ndani, sauti ya mwanamke inasoma sura ya hadithi aliyoiandika Nurudini neno kwa neno mbele ya wazee wa ukoo. Wazee hawajui kuwa ni hadithi. Wanadhani ni barua ya posa.

"'Macho yao yalipogongana,'" sauti ikasoma, "'Jafari alihisi umeme wa volti elfu moja ukimpanda kutoka kisiginoni hadi utosini. Akaanguka kifudifudi. Alipozinduka akatamka: Ewe kipusa, nitakuoa au nitakufa leo leo!'"

"Huyu ana kifafa," akasema mzee mmoja.

"Aingie tumwone," akasema mwingine. "Kuna mtu anahema hapo mlangoni."

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi.

Nurudini huandika hadithi ya mapenzi ya kila wiki kwa jina la Kalamu Moto. Spea ndiyo riziki yake, lakini hakuna mtu anayesubiri spoki kwa hamu. Hadithi watu huisubiri, na Nurudini hajawahi kusubiriwa na mtu kwa jambo jingine lolote. Sasa mhariri wake, Bi Winifrida, aliyeko Mwanza, kampa onyo la mwisho: "Watu wako wanapendana kabla hawajasalimiana. Wasomaji wanatucheka. Jumatatu saa sita mchana nipate sura ambayo mtu ataamini jinsi wawili wanavyoanza kupendana. Isipofika, nafasi yako naipa mapishi."

Kila Alhamisi kurasa zake, zilizoandikwa kwa mkono, hupanda basi mpaka Kasulu kwa Shadia binti Hilali, mwenye steshenari. Shadia huzichapa na kuzituma Mwanza. Mwaka mzima wameongea kwa simu tu, Kaka Nurudini, Dada Shadia, na ukurasa gani hausomeki.

Safari hii basi lilinasa kwenye tope. Bahasha akapewa Mzee Tharsisi, katekista mstaafu, aliyekuwa anasafiri na lori la maharage. Akafika Jumapili, steshenari imefungwa. Akauliza nyumbani kwao Shadia, akapiga hodi akiwa na koti lake, fimbo yake na bahasha ya kaki mkononi.

"Nimetumwa na kijana wa Kibondo," akasema. "Nimeleta barua ya binti yenu."

Sasa niambieni, kuanzia Manyovu hadi Kakonko, ni nyumba gani ingeelewa vingine? Kuku akakamatwa.

Mzee Tharsisi akampigia simu Nurudini asubuhi ile ile. "Wananichinjia kuku," akasema, na hakuwa na sauti ya mtu anayelalamika.

Ndiyo maana Nurudini yuko hapa. Na sasa anaingia.

"Asalaam aleikum. Shikamooni wazee."

"Waaleikum salaam. Marahaba. Wewe ndiye Jafari?"

"Hapana, mzee. Mimi Nurudini."

"Jafari yuko wapi?"

"Jafari hayupo."

"Yamekuwa!" akapiga ukelele Shangazi Asia, dada yake Mzee Hilali, ambaye ndiye aliyekuwa anasoma. Miwani ikamshuka hadi puani. "Si alisema atakufa leo leo!"

Nurudini akamtazama Mzee Tharsisi, aliyekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote akichokonoa meno. Mzee Tharsisi akatazama dari.

"Wazee wangu, nawaomba radhi. Hii si barua. Ni hadithi ya gazeti. Mimi ndiye Kalamu Moto."

Mzee Hilali, mfanyabiashara wa mawese, mtu mnene mwenye sauti ya chini, akainuka polepole kutoka mkekani. Nurudini akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe ndiye uliyemuua Bi Mwajabu kwa radi?"

"Mwezi wa saba, mzee. Ndiyo."

"Nilishindwa kula siku mbili. Na kwa nini radi? Kiangazi chote kile, radi ilitoka wapi?"

"Nilikuwa nimebakiwa na mistari mitatu, mzee."

"Mwanamke mzima anakufa kwa mistari mitatu!"

"Kumbe ndiye Jafari yule yule wa Mwajabu!" akadakia Shangazi Asia. "Hadithini hata arobaini ya marehemu haijafika, ameshamwangukia mwingine kisiginoni?"

Nurudini akaona mambo yanazidi kuharibika. Akafanya kosa ambalo Muha yeyote, mtu wa huku kwetu, angemwonya asilifanye; lakini yeye ni mtoto wa duka na alikuwa na haraka. Akanyoosha mkono.

"Basi naomba karatasi zangu niondoke. Kesho saa sita zinatakiwa Mwanza, na sina nakala."

Shangazi Asia akazikumbatia zile karatasi kifuani kama mtoto anayetaka kunyang'anywa. Wazee wakaguna. Hata Mzee Tharsisi aliacha meno.

"We kijana," akasema taratibu, "rudisha huo mkono."

"Kwani kuna nini?"

"Kuku ameshaliwa," akasema Mzee Tharsisi.

Mzee Hilali akakaa tena. "Sikiliza. Mimi nimeelewa kwamba ni hadithi. Mtaa haujaelewa. Mtaa umeona mzee mwenye koti na bahasha. Mtaa umenusa kuku. Barua ikishapokelewa na ikaliwa chakula, haitoki nyumbani mpaka ijibiwe. Ikichukuliwa tena na huyo huyo aliyeituma, ni kwamba amemkataa binti. Kesho sokoni watasema binti Hilali amerudishwa na muuza spoki."

"Spea," akasema Nurudini kwa sauti ndogo.

"Hiyo haitusaidii."

Mnaona kibano hicho? Akizichukua kurasa, kamtia aibu msichana ambaye hana kosa lolote ila kuchapa. Akiziacha, kesho saa sita nafasi yake inaandikwa namna ya kupika sambusa, na Kalamu Moto amezikwa. Nurudini alitamani kulia, na nadhani kidogo alilia, ingawa baadaye alisingizia moshi wa jikoni.

Pazia la ukumbini likafunguka kwa nguvu. Akaingia Shadia.

"Kaka Nurudini," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu, ila sasa imekasirika. "Mwaka mzima nachapa kurasa zako. Nilishawahi kukuomba zije na mshenga?"

"Hapana, Dada Shadia."

"Majirani watatu wameshanipa hongera. Mmoja kaniuliza nguo ya sare itakuwa rangi gani."

"Nisamehe."

"Na sura yenyewe mbovu!"

Hili lilimchoma kuliko yote. "Mbovu wapi?"

"Kote! Mtu akipigwa na volti elfu moja hapendi, anapelekwa hospitali." Akawageukia wazee, akapiga goti. "Baba, karatasi zisitoke. Zibaki hapa. Lakini barua mbovu si huandikwa upya? Aandike nyingine hapa hapa, mbele yenu. Mtaa ukiuliza, semeni kijana ametumwa kurekebisha barua."

Wazee wakatazamana.

"Hilo lipo," akakubali Mzee Hilali. "Ya mdogo wangu iliandikwa mara tatu."

"Ya nne ndiyo ilikubaliwa," akasahihisha Shangazi.

Akaletewa kaunta buku na kalamu. Akakaa mkekani, wazee wamemzunguka, Mzee Tharsisi akaongezewa chai. Nurudini akaandika na kusoma kwa sauti: "'Jafari alimwona Rehema akipita sokoni...'"

"Anapitia nini?" akauliza Shangazi Asia.

"Anapita tu."

"Hakuna mtu anayepita tu sokoni. Anatafuta nini?"

"Muhogo."

"Wa kuchemsha au wa unga?"

"Shangazi, muhogo ni muhogo."

"Ndiyo maana huna mke," akasema Shangazi. "Wa kuchemsha anaununua mwenye njaa ya leo. Wa unga anaununua mwenye nyumba. Hujui unayempenda anatafuta nini, utampendaje?"

Nurudini akaandika: wa unga.

"Sasa asianguke," akaonya yule mzee wa kifafa.

"Haanguki. 'Akamtazama machoni, moyo ukamwambia...'"

"Moyo usiseme!" wakapiga kelele watatu kwa pamoja.

Kalamu ikasimama. "Basi wazee wangu, nisaidieni. Kama hakuna kuanguka, hakuna umeme, moyo umekatazwa kusema, inaanzaje?"

Wazee wakatazama mikeka. Mmoja akakohoa. Mzee Hilali akajikuna kidevu muda mrefu, kisha akasema kama mtu anayekiri kosa la zamani:

"Mama yake Shadia alikuja kwangu kununua mawese. Nilikuwa simjui. Akachovya kidole, akanusa, akasema mbele ya wateja, 'Haya yamechanganywa na ya zamani.' Akaondoka. Nikamchukia siku tatu. Uongo mtupu, hayakuwa yamechanganywa."

"Yalikuwa!" ikaja sauti ya Mama Shadia kutoka uani.

"Hayakuwa! Basi siku ya nne nikajikuta nayachuja mawese mara mbili. Nikamaliza, nikasimama mlangoni. Hakuja. Siku ya tano nikayachuja mara tatu, wateja wanalalamika nachelewa. Nikasimama tena mlangoni."

"Halafu?" akauliza Nurudini.

"Halafu nini? Nilikuwa nimeshakwisha. Jina lake nilikuwa bado silijui."

Huko uani sufuria zikaacha kugongana.

Nurudini akaona aibu, aibu ya kweli, si ya magazeti. Ameandika sehemu arobaini na sita. Watu wameanguka, wamezimia, wamelia damu, mmoja kapigwa radi kiangazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuchuja mawese mara mbili kwa ajili ya mtu asiyemjua jina. Akainamisha kichwa akaandika kurasa tatu bila kusimama. Jafari akawa fundi wa baiskeli. Rehema akaja na pancha na kikapu cha muhogo, akamwambia kiraka chake kinavuja, akaondoka. Jafari akakasirika. Kisha Jafari akaanza kuzamisha kila tairi kwenye karai la maji mara mbili, hata tairi zisizokuwa na pancha.

Alipomaliza kusoma, mzee wa kifafa akatikisa kichwa.

"Huyu sasa mzima," akasema. "Huyu hata baiskeli yangu ningempelekea."

Kurasa mpya akakabidhiwa Shadia. Za zamani zikafungiwa kabatini kwa Mzee Hilali, kama amana.

Jumatatu, saa tano na nusu. Steshenari ya Shadia. Jenereta inanguruma nje, modemu inawaka kijani, inazima, inawaka. Shangazi Asia amekaa kwenye benchi la wateja kulinda heshima ya ukoo, na heshima ya ukoo imeshaanza kusinzia.

Shadia akabonyeza. Sura ikaenda Mwanza.

Saa sita kasoro dakika kumi, simu ikalia. Shadia akaiweka spika, akailaza mezani.

"Kalamu Moto," akasema Bi Winifrida bila salamu. "Huyu binti nani kamwandika?"

"Mimi, Bi Winifrida."

"Huyu binti namwamini mia kwa mia. Hasa pale anapofika nyumbani, ndipo anagundua kikapu cha muhogo kakisahau kwa fundi. Safi sana."

Nurudini akageuka kwenye skrini. Hakuwa ameandika hivyo. Kwenye kurasa zake Rehema alifika nyumbani na muhogo wake wote.

"Kulikuwa na nafasi," akasema Shadia chini chini, akitazama kibodi. "Nikaijaza."

"Lakini kijana bado simwamini," Bi Winifrida akaendelea. "Anazamisha tairi, sawa. Ila kuna kitu anakificha. Ilianzia wapi hasa kwake? Nataka sentensi chache za kweli. Mtambo wa kuchapa unaanza saa sita, na jamaa wa mapishi kakaa hapa na sambusa zake. Sikati simu. Haya!"

Shadia akaweka vidole tayari. "Sema, nachapa."

"Jafari alipomwona Rehema kwa mara ya kwanza..."

"Hiyo umeshaiandika mara arobaini na sita."

"Jafari alihisi..."

"Kaka Nurudini. Dakika nane."

Jasho likamtoka Nurudini. Akatazama mlango, akamtazama Shangazi, Shangazi anakoroma kwa adabu. Akatazama ukuta. Kisha maneno yakatoka yenyewe.

"Mwezi wa pili Jafari alikuja Kasulu."

Shadia akachapa.

"Hakumwambia mtu. Akasimama ng'ambo ya barabara, penye muuza karanga. Akanunua za mia tano. Akamwona yule binti ndani ya duka lake, anaipiga mashine ya fotokopi kofi. Kofi la kweli. Halafu binti akatazama huku, akatazama kule, akainama, akaiomba mashine samahani."

Vidole vya Shadia vikapunguza mwendo.

"Jafari akala karanga zote. Akala na zile mbovu. Kisha akapanda basi akarudi Kibondo. Safari ya saa nne kuja, saa nne kurudi. Hakuvuka barabara."

"Kwa nini hakuvuka?" Shadia akauliza. Hakugeuza kichwa.

"Aliogopa." Nurudini akashika ukingo wa meza. "Kwenye simu ulikuwa unacheka, Shadia. Nikasema nikivuka, ukiniona nilivyo, labda utaacha."

Jafari alikuwa ameshatoweka kabisa hapo dukani. Walibaki wao wawili, jenereta na modemu.

Shadia akayatazama maneno yote kwenye skrini. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akaanza kufuta, herufi moja moja, mpaka ukurasa ukawa mweupe.

"Unafanya nini! Zimebaki dakika mbili!"

"Hii haiendi gazetini."

"Hadithi itakufa!"

"Ife," akasema Shadia. Sasa ndipo alipogeuka. "Hii umeniambia mimi. Watu wa Mwanza inawahusu nini? Hii ni yangu."

Nurudini akafungua mdomo atetee kazi yake, sehemu zake arobaini na sita, jina lake, wasomaji wake. Akaona hana hamu nayo. Alikuwa na furaha kubwa ya kijinga, na akaketi nayo pale pale juu ya rimu ya karatasi.

"Saa ngapi?" akauliza Shangazi Asia, jicho moja limefumbuka.

"Saa sita, Shangazi."

"Ni saa sita kasoro dakika moja," simu ikasema kutoka mezani.

Wote watatu wakaiangalia.

"Asanteni sana," akasema Bi Winifrida, na sauti yake ilikuwa na kamasi kidogo. "Nimeandika yote kwa mkono, mpaka karanga mbovu. Mtu wa mapishi hapa analia. Nimebadilisha kitu kimoja tu: Rehema halikuwa jina lake, nimeweka lile ulilolitaja mwenyewe. Shadia, siyo? Jina zuri. Mtambo umeshaanza."

"Bi Winifrida!" Shadia akaidaka simu. "Bi Winifrida, subiri! Halo?"

Simu ilikuwa imekatwa. Akapiga. Inatumika. Akapiga tena. Imezimwa.

"Gazeti linafika lini Kasulu?" akauliza Shangazi Asia, sasa macho yote mawili yakiwa wazi.

"Jumatano," akasema Shadia, na mkono ukamwenda kichwani. "Asubuhi. Baba hulisomea pale dukani kwa sauti, soko zima linakusanyika."

Shangazi akainuka. Akafunga kanga yake vizuri, akavaa miwani, akamtazama Nurudini kuanzia viatu vyenye tope mpaka kichwani, bila haraka, kama anayepima muhogo wa unga.

"Kijana," akasema, "una siku mbili za kuvuka barabara."